Mara Ngapi kwa Mama

Jumatatu, 2 Juni
Nimechukua fomu ya kugombea kuwa mzee wa kanisa hapa Giakanja. Iko kwa Kiingereza. Swali la nne: unatembelea wagonjwa na wazee mara ngapi? Chagua often (mara nyingi), occasionally (wakati mwingine) ama seldom (mara chache sana). Mpinzani wangu Kinuthia aliweka alama kwa often bila hata kufikiria. Ukweli wangu ni seldom. Lakini seldom inanuka uvivu.

Jumanne, 3 Juni
Nimeshinda maktaba ya Nyeri mjini na kamusi ya asili ya maneno. Ugunduzi! Seldom ni neno kuukuu, na ndugu zake wa zamani walimaanisha kitu cha ajabu. Basi ziara zangu ni maajabu. Occasionally imetoka kwa Kilatini: jambo kukuangukia. Nimechagua hiyo. Inafaa mtu mwenye shughuli. Nimeambatisha maelezo, kurasa mbili.

Alhamisi, 5 Juni
Mahojiano. Mwenyekiti, Bi. Murugi, hakusoma kurasa zangu. Alimpigia mama yangu simu kule Gakindu, kamati nzima ikisikiliza, akamuuliza mimi huenda kumwona mara ngapi. Mama hakunisema vibaya. Alijibu tu, "Wamae huja kukiwa na jambo."
Kilatini kitupu, na mama hajawahi kufungua kamusi. Kinuthia alikohoa. Uamuzi ni Jumapili.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeenda Gakindu. Mpango: picha moja nikiwa na mama, kamati ione. Nilimkuta shambani akichuma kahawa. Aliponiona aliweka kikapu chini, akashika tawi.
"Ni nani amekufa?" akauliza.
Nikamwambia hakuna, nimekuja tu kumwona. Hakuamini. Alinipikia chai, akakaa akinitazama, akingoja habari. Nilipoondoka alikuwa bado anangoja. Picha sikupiga. Sikuweza.

Jumapili, 8 Juni
Kinuthia ameshinda. Sikuumia sana. Kutwa nzima nimeona tu ule mkono juu ya tawi. Nimeamua kubadilika. Nimempigia mama nikamwambia nitakuwa nikija once in a while, kila baada ya kitambo. Akauliza hiyo ni lini. Nikarudi kwa yale niliyonakili kwenye kamusi, nikamweleza kwamba while zamani ilikuwa na undugu na maneno ya kupumzika. Kwa hivyo baina ya ziara na ziara, yeye atakuwa akipumzika.
Akasema, "Lakini mimi sijachoka, Wamae."
Nimefurahi amenielewa. Mwezi huu wote nitamwacha apumzike.