Sufuria ya Watu Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi 1941

Visiki kumi na saba leo. Ng'ombe wamechoka, mimi nimechoka. Cha kumi na nane kimekataa kutoka. Mwaka wa tatu huu tangu nitoke Kimilili kuja kuvuta visiki katika shamba la Bwana Tumbaku, hapa nje ya Eldoret.

Habari kubwa! Nicholas, dereva wa Bwana, amechukuliwa na jeshi. Motokaa imebaki yatima. Nimesimama mbele yake kwa muda mrefu nikiitazama, mpaka nyapara akaniuliza kama nataka kuitolea mahari. Nimemwambia mke ninaye. Sikumwambia kwamba baba yake, Mzee Wamalwa, alimrudisha nyumbani mwaka jana. Alisema hakumzaa Namalwa aje kumpikia maksai. Nikipata kazi ya maana, nimwite.

Nimemwandikia Mzee. Nimesema mimi sasa ni dereva. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia siku chache.

Jumanne, 4 Machi

Murunga naye anautaka udereva! Zamani alikuwa tanboi, utingo wa lori la mahindi, na hajatupa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Leo amesema mbele ya watu kwamba mimi siwezi hata kupiga hendeli ya kuwashia motokaa. Nikaipiga. Ikanirudia. Mkono umevimba kama kiazi kitamu.

Murunga amesema pole sana, Dereva Khisa. Amelitamka neno dereva polepole, kila mtu apate kulisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Siku hizi ndege za vita zinatua kwenye uwanja ulio ng'ambo ya ua wa shamba. Zikipita juu yetu, ng'ombe hukimbia na minyororo, nasi tunakimbia nyuma ya ng'ombe. Kazi ya siku inaharibika, lakini zinapendeza.

Bwana ametukusanya. Amesema vita vinakula kila kitu. Petroli ni ya kupimiwa, matairi hayapatikani, na sasa jeshi linataka sufuria, ziyeyushwe zitengenezwe ndege. Kila mmoja atoe alicho nacho. Watu wakatazama miguu yao. Nami nikaitazama yangu. Miaka mitatu sijapewa blanketi linaloifunika, na leo ndege inaniomba chombo.

Halafu nikapata akili. Nikakimbia kambini, nikarudi na sufuria yetu kubwa, ile ya ugali wa watu kumi na wawili. Bwana amenishika mkono! Ule uliovimba. Amesema huo ndio moyo anaoutaka, na Jumamosi atanijaribu kwenye usukani. Murunga kanyamaza.

Wenzangu wa kambi hawakunyamaza. Wanyonyi, anayetupikia, ameniuliza kama tuusonge ugali mdomoni. Amepika kwa debe. Ugali una harufu ya mafuta ya taa. Hakuna aliyenikaribisha kula.

Ijumaa, 7 Machi

Barua kutoka Kimilili! Namalwa anakuja kwa treni ya kesho. Mzee mguu unamsumbua, kwa hiyo anayemleta ni Mama Nanzala, mkewe. Aione hiyo kazi yangu kwa macho yake. Asipoiona, wanarudi wote wawili.

Nimefurahi mpaka nikaketi chini. Nilipoketi ndipo nikafikiri vizuri. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Baba yangu aliwahi kukaa kwenye matete tangu asubuhi mpaka mchana kwa sababu ya mama mkwe aliyesimama kuzungumza na jirani. Ni heshima. Sasa atanionaje nikiendesha bila kuniona?

Nimeketi ndani ya motokaa bandani nikifikiri, huku nikikanyaga kila kitu cha kukanyagwa. Nimekigeuza kidogo kile kioo cha mbele cha kutazamia nyuma, nione kofia ya Nicholas inavyonikaa. Inanikaa vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ili mambo yajulikane jinsi yalivyokuwa.

Niliendesha. Shamba mpaka stesheni, Bwana kando yangu, sufuria za vita nyuma. Sikugonga mtu. Namalwa alikuwa amesimama pale na kikapu, amenenepa kidogo. Nyuma yake Mama, leso imefunika kichwa chote. Mambo yalikuwa sawa kabisa.

Ndipo Bwana, ambaye hajawahi kumpa mtu mweusi hata kivuli, akawa na roho nzuri. Akasema wapande. Nikasema watatembea. Akasema wapande, hii ni amri.

Namalwa akapatanisha. Mama akae nyuma na leso yake. Mimi nitazame mbele. Kioo hakuna aliyekikumbuka.

Tulipofika uwanjani kupeleka sufuria, ndege ikapita juu ikinguruma, chini kabisa. Mama hakuwa ameona ndege maishani mwake. Akafunua leso aitazame. Wakati huohuo mimi nilikuwa naitazama kofia yangu.

Macho kwa macho!

Mama akapiga ukemi. Nami nikafanya kile baba yangu angefanya. Nikafunika uso kwa mikono yote miwili. Heshima haingoji breki. Motokaa ikaendelea peke yake, ikapanda rundo la sufuria za wilaya nzima, ikasimama chini ya bawa la ndege. Kimya. Kisha mfuniko mmoja ukabingirika mpaka kwenye viatu vya afisa.

Jumapili, 9 Machi

Wamerudi kwa treni ya asubuhi. Namalwa aliniaga huku analia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Amesema Mama alitumwa kuona, na ameona, lakini hawezi kumwambia Mzee kwamba ameniona. Ni aibu. Na yeye Namalwa akisema, baba yake hatamwamini. Kwa hiyo mbele ya Mzee mimi bado ni maksai. Tena wanadai kondoo wa kuondoa mkosi.

Udereva amepewa Murunga. Kofia pia. Sufuria zetu zimelala bapa. Afisa amesema hazikuharibika, sasa zitaenea vizuri kwenye lori. Hakuna aliyenishukuru kwa hilo.

Jumatatu, 10 Machi

Visiki tisa. Mkono bado unauma.

Nimeona kosa liko wapi. Kosa ni motokaa. Ina viti vingi mno. Nimemuuliza Joseph, karani wa uwanjani, ile ndege ya vita hubeba watu wangapi. Amesema mmoja tu.

Mmoja! Hakuna mahali pa mama mkwe!

Nimemwandikia Mzee. Nimesema mimi sasa ni rubani. Aje mwenyewe mguu ukipona, atazame juu.

Kesho asubuhi, kabla Wanyonyi hajaamka, nitawapelekea wanajeshi lile debe la ugali.