Mazingira ya Bure

Jumatatu, 3 Juni
Daktari mkuu anataka programu ya kuita wagonjwa kwa zamu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ifikapo Ijumaa. Atakayetangulia kumaliza ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta. Tupo wawili: mimi na Dada Takwimu, karani wa takwimu anayechapa kwa vidole viwili. Cheo ni changu. Kwanza nichague mazingira, yaani programu ya kuandikia hiyo programu. Ya bure yapo matatu. Nimempelekea daktari barua rasmi, aone mtu mwenye mipango: naomba siku mbili nichague mazingira bora, tena ya bure.

Jumanne, 4 Juni
Mazingira ya kwanza yalianza kufunguka saa tatu. Saa sita bado. Chai vikombe vinne. Ya pili ni mepesi, ila rangi yake inaumiza macho. Nimeibadilisha mara kumi na moja. Dada Takwimu amechungulia, akauliza kama naandika programu au napaka nyumba rangi. Yeye anaandikia kwenye kidaftari kile kitupu cha kwenye skrini, kilichokuja na kompyuta. Nimemhurumia.

Jumatano, 5 Juni
Barua imejibiwa. Daktari amefurahia moyo wangu wa kujitolea bure. Nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Mafagio mawili, fyekeo moja, majani yote nyuma ya stoo. Nilikwenda kumweleza kwamba mazingira yangu yako ndani ya kompyuta. Akasema hata humo kuna vumbi, nifute.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nimefyeka. Mgongo haufai. Mchana nimefungua mazingira ya tatu. Safi sana. Kila kosa yanalipigia mstari mwekundu. Nimeandika mstari mmoja. Umepigiwa mstari. Mke wangu alipiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia mazingira ni mazuri. Akasema hayo hata mbuzi anayo, baba watoto, yeye anauliza kazi.

Ijumaa, 7 Juni
Dada Takwimu amewasha programu yake. Sura mbaya, herufi nyeusi juu ya weupe. Ikamwita mgonjwa wa kwanza, naye akainuka, akaingia. Mimi nikaonyesha mazingira. Daktari akauliza mgonjwa wangu yuko wapi. Nikajibu kwa mgonjwa hatujafika.
Cheo ni cha dada. Amri yake ya kwanza: programu ya kuhesabu dawa, mwandishi mimi, mwisho Ijumaa ijayo. Nimesema sawa, bosi. Kosa langu nimeliona. Niliharakisha. Nililinganisha matatu tu, kumbe yapo ya nne.