Injini ya Kulia ni Yangu

Jumamosi, 1 Novemba

Moshi! Injini zote mbili za boti yetu zimetoa moshi wa bluu, gati zima la Hurghada likitazama. Mamduh, mwenye boti ya jirani, akaniuliza kwa sauti kama leo nachoma samaki au nachoma wapiga mbizi. Injini zake ni mpya. Anazifuta kwa taulo. Mtu mzima!

Fundi wetu, Usta Bishai, ameingia chumba cha injini, akatoka mweusi mpaka masikioni. Kasema ringi za pistoni zimekwisha lakini chuma ni kizima. Injini zifumuliwe, ziundwe upya, zitatuzika sote. Dada yangu Inshirah akasema haya, anza. Mimi nikasema kamwe! Injini mpya au basi.

Tumebishana mpaka ful, maharage yetu ya asubuhi, ikapoa. Mwisho nikatoa hukumu: boti ni yetu nusu kwa nusu, basi injini ya kushoto ni yake, ya kulia ni yangu. Kila mtu na yake. Inshirah akakubali haraka mno. Alinitazama kwa huruma. Sijui ya nini.

Jumatatu, 3 Novemba

Injini mpya bei yake ni ya wafalme. Nimepata ya mtumba, imetoka kwenye boti ya kuvuta meli kule Suez. Kubwa karibu mara mbili! Nimeipaka rangi ya kijani na kumwambia Inshirah imetoka kiwandani. Akauliza mbona kiwanda kinatengeneza na kutu. Nikamwambia ni hewa ya bahari.

Ile ya zamani nimemwachia mtu wa vyuma chakavu. Iende zake.

Usta Bishai akauliza kama nimepima mlango wa chumba cha injini. Mafundi wana maswali!

Jumapili, 9 Novemba

Haipiti.

Tumekata sakafu ya ukumbi. Haipiti. Tumekata ukuta wa jiko, ikapita. Mpishi kachukua sufuria zake na kuhamia kwa Mamduh. Msaliti!

Sasa boti imelalia kulia kama mtu anayesikiliza maneno ya watu mlangoni. Inshirah kaweka glasi ya chai mezani, ikateleza yenyewe hadi mapajani kwangu. Injini yake yeye iko vipande vipande juu ya magazeti, inang'aa kama vyombo vya bibi harusi. Inakera!

Jumamosi, 15 Novemba

Leo Bi Gihan wa shule ya kupiga mbizi kaja kuijaribu boti. Akiridhika, tuna kazi msimu mzima. Asiporidhika, tutakula mkate na chumvi.

Ya Inshirah ikawaka mara moja, bila moshi. Yangu ikanguruma, vioo vikatetemeka. Sauti tamu! Nikaongeza mafuta. Boti ikaenda kushoto. Nikakata usukani wote kulia. Kushoto! Tukalizunguka boya, tukalizunguka tena.

"Unakoroga chai, Shawqi?" Mamduh akapiga kelele. "Ongeza sukari, bwana!"

Inshirah akanisihi nipunguze mafuta. Nikamwambia nikipunguza nitakuwa nimekiri. Nikaongeza. Bi Gihan akaomba kofia yangu, akatapikia humo. Kisha gia boksi ikapasuka kwa mlio ambao sitaki kuuandika.

Tumerudi kwa injini ya kushoto peke yake, polepole. Inshirah ndiye aliyeshika usukani. Bi Gihan katupatia siku chache tujirekebishe, kwa ajili ya Inshirah. Kofia hajairudisha.

Jumatatu, 17 Novemba

Wamenizunguka! Injini yangu ya zamani haikuyeyushwa. Inshirah aliinunua siku ileile kwa mtu wa vyuma, na Usta Bishai akaiunda upya karakanani kwake, chini ya turubai. Nimemuuliza mbona alinyamaza. Kasema sikumuuliza.

Tangu jana wameing'oa ile ya kijani na kuifunga hii. Jioni hii boti imetoka, imenyooka kama uzi. Bi Gihan kasaini mkataba.

Inshirah akanivuta pembeni. "Kaka yangu, sikufukuzi," akasema. "Boti ni nusu yako, nusu yangu, kama zamani. Ila injini zote ni zangu, na usukani usiuguse tena. Utawapa wageni chai."

Nikamwambia nitafikiri. Nikaenda nyuma ya boti nikafuta macho. Moshi ule. Ingawa moshi haukuwepo.

Alhamisi, 20 Novemba

Chai, chai, chai. Mjerumani mmoja kaniita kijana. Nina miaka hamsini na nne!

Lakini kumbe Mamduh nilimwonea bure. Leo kaja mwenyewe, kanishika bega, kaninong'oneza: bandari ya Safaga kuna boti inauzwa, mwili mtupu, haina injini. Mwenye nayo hataki jina lake litajwe. Mtu wa haya, nawapenda watu wa hivyo. Nikamuuliza Mamduh mbona hainunui yeye. Kasema kwa upendo alionao kwangu. Kasema pia nisimpeleke Usta Bishai akaikague, mafundi huharibu biashara. Kweli kabisa! Na maji yaliyomo ndani, kasema, ni ya mvua.

Safaga, mvua! Bahati iliyoje, kwa maana huko hainyeshi miaka na miaka. Naondoka alfajiri kwenda kuinunua, kabla Inshirah hajaamka.