Namna ya Kumnenepesha Bihogo Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 21 Juni 2021

Barthélemy, baba mkwe wa mjukuu wangu Nishimwe, ametuma habari: anakuja Jumamosi na wazee wake. Jumamosi hii! Mtu mwenye adabu angengoja lava ipoe.

Haki anayo. Alitoa ng'ombe wa mahari, na kwetu Masisi ng'ombe huyo akizaa, mkwe hurudi na pombe kuomba ndama, awe maziwa ya nyumba ya binti. Ng'ombe mwenyewe aliliwa na waasi. Waasi gani, sikumbuki. Hubadilisha herufi za jina lao kila miaka michache, tumbo ni lile lile. Nilimwokoa ndama tu, Bihogo. Sasa ni mtamba, amefungwa juu ya mawe meusi hapa mtaani Mapendo. Mlima ulipotema moto mwezi uliopita, tulikwenda naye Sake kwa miguu, tukarudi naye kwa miguu. Nyama ilibaki njiani.

Ukweni wanamwita Nishimwe "mutoto wa kambi", kwa kuwa alizaliwa chini ya hema la wakimbizi. Wakiona mbavu hizi za Bihogo, watamwita hivyo hadi azeeke.

Mukamugema, mke wangu, anasema nimpe majani na maji, basi. Mtu asiyesoma hata ukurasa mmoja wa ufugaji! Mimi nilisoma kitabu kizima cha mapadri, kabla lava ya 2002 haijakisoma yenyewe.

Jumanne, 22 Juni

Nyasi bora za mji huu ziko Katindo, nyuma ya kuta za watu wanaofuga nyasi bila ng'ombe. Nilimpitisha Bihogo kwenye lango lililokuwa wazi, kwa bahati tu. Santineli, mlinzi wa lango, alitufukuza, eti hiyo ni gazoni, nyasi za kutazamwa tu. Nilimuuliza gazoni inakamuliwa nini. Alinifungia lango.

Kule kwetu nyasi zilifika magotini. Asubuhi ukungu ulipoondoka uliona kwanza pembe, kisha migongo. Basi. Kesho mpango mwingine.

Jumatano, 23 Juni

Jirani yangu Cyprien, katekista mstaafu, ana nguruwe wanene kama mapipa. Anawalisha machicha ya pombe ya mtama kutoka kwa mpika pombe, Mama Julienne. Nilimwahi Mama Julienne mapema, nikamwambia kuwa leo Cyprien hayahitaji. Si uongo. Mwenye nguruwe wanene hivyo anahitaji nini tena?

Bihogo alimaliza ndoo. Ushindi!

Alhamisi, 24 Juni

Tumbo lilimvimba upande wa kushoto kama ngoma. Kisha likafunguka. Sitaandika zaidi, ukuta wa Cyprien unajua. Sasa amekonda kuliko Jumatatu.

Cyprien alikuja na ufagio na mahubiri. Nguruwe ana tumbo moja, hupokea lolote. Ng'ombe ana manne, na hayo huzoeshwa chakula kipya kidogo kidogo. Mtu wa nguruwe ananifundisha ng'ombe! Nilianza kukamua yeye hajabatizwa.

Ijumaa, 25 Juni

Nimekumbuka hila ya wachuuzi wa mnadani. Jioni unamlambisha ng'ombe chumvi. Asubuhi anakunywa bila kupumua, tumbo linajaa, mnunuzi anaona mnyama aliyeshiba. Hila chafu. Ujanani niliilaani hadharani. Lakini mimi siuzi, natoa. Kwa hiyo si hila, ni mapambo.

Bihogo amelamba bakuli zima. Maji yapo: mabomba yaliungua na lava, ila bido, madumu yetu, zimejaa nyuma ya jiko, zimeletwa kutoka ziwani kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Mukamugema sijamwambia. Ana tabia ya kuuliza maswali.

Jumamosi, 26 Juni

Mukamugema alimaliza maji yote! Maharage, wali, kuosha viti vya kuazima. Hata mimi nilioga, nikashangaa ukarimu wake. Mtu wa chukudu nilimtuma tena, hakurudi. Bihogo alilia asubuhi nzima. Cyprien, niliyemwalika ili aone, aliuliza mbele ya wageni kama huyu ni mtamba au tarumbeta.

Barthélemy aliingia na mkewe, na wazee, na Nishimwe mwenye mtoto mgongoni. Waliweka uwanjani chungu kikubwa cha kasiksi, pombe yao ya ndizi ya kuombea ng'ombe. Msemaji wao akaanza na mababu. Alipofika kwa wa tatu, kamba ikakatika. Bihogo alipita katikati ya wazee, akatia mdomo chunguni. Cyprien alimvuta mkia bure. Bihogo hakuinua kichwa hadi tuliposikia ulimi ukikwangua udongo.

Kisha akageuka, tumbo kama la mwenye mapacha, akapiga magoti mbele ya Barthélemy.

Nilitazama mawe. Barthélemy alivua kofia.

"Muzee Ntirenganya, kwetu mwenye kunywa pombe ya kuomba ameshakubali. Ngombe yenyewe imekubali mbele yako. Tunaenda nayo."

Wazee walicheka hadi wakashikana mabega. Nishimwe hakucheka. Aliokota bakuli la chumvi, akapitisha kidole ndani, akalamba, akanigeukia mimi babu yake.

"Sogokuru, ulimupatia munyu?"

Nilimweleza kuwa mifugo yote inahitaji madini.

"Kwangu itakula majani na maji. Wewe utakuya kuona mutoto. Hautakuya kuona ngombe."

Aliinama nimbariki. Nilimbariki, kwa hasira. Wakati wa kuondoka, mama mkwe wake alimwambia mwenye ng'ombe atangulie. "Mwenye ngombe", ndivyo alivyomwita. Nilisikia vizuri.

Lakini hakuna aliyebakiziwa hata kikombe, kwa hiyo hakuna aliyesimama kunisifu. Sherehe kavu!

Jumapili, 25 Julai

Nishimwe amepiga simu. Bihogo amenenepa, manyoya yanang'aa, mbavu zimepotea. Anasema ni matete, majani ya viazi na maji. Mtoto ana roho nzuri, ila sayansi hana. Ni wazi kwamba chumvi yangu ilimfungua hamu, baada ya machicha kumsafisha matumbo yote manne. Nilimweleza Cyprien haya. Alikwenda kuangalia ukuta wake.

Kuku wa Mukamugema wamepunguza kutaga. Anawapa mahindi tu, kama Nuhu ndani ya safina! Tangu Jumatano nawalisha kwa siri vichwa vya samaki wa Vitshumbi, vilivyokaa juani kiasi. Wanakula kwa furaha.

Jumapili ijayo padri anakuja kwetu kula mayai.