Mkwe Wangu Anasoma kwa Simu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua darasa! Soma na Mselem: kusoma na kuandika kwa simu, popote ulipo. Nembo nimechora mwenyewe, kalamu imelala juu ya simu. Sabra, mke wangu, kasema inafanana na mshikaki. Wivu tu.

Makorora nzima inamsifia Mwalimu Jenifa wa mtaa wa pili. Ana kundi la WhatsApp, ana video za herufi, ana wanafunzi sitini na tatu. Sitini na tatu! Eti kwa sababu kasomea ualimu. Mimi ninaye mmoja. Lakini mmoja huyo si mtu mdogo: ni Mama Mwanasiti, mama mzazi wa Sabra, yuko Ushongo analima mwani. Tarehe 24 kikundi chao kinachagua katibu, na anayeutaka ukatibu lazima asimame asome muhtasari wa kikao kilichopita mbele ya wanachama wote. Mama kasema miaka yote anatia dole gumba kwenye karatasi asizozijua. Amechoka. Safari hii anataka azisome yeye. Herufi Sabra alimwanzishia mwezi wa Ramadhani, chache tu zinamchanganya.

Uchungu ulinishika kweli. Kisha nikawaona wanachama arobaini wakihamia darasani kwangu. Jenifa atajiju!

Jumanne, 5 Agosti

Somo la kwanza. Kuna jambo sikulifikiria. Huyu ni mkwe! Mkwe hakodolewi macho. Nikaelekeza kamera juu. Naye kwa heshima zake kaelekeza ya kwake juu. Saa nzima dari langu limetazamana na makuti yake.

Nikamtumia picha ya neno baba. Kasoma dada. Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Utamwambiaje mama mzazi wa mkeo kwamba amekosea? Kwa mdomo upi? Nikasema ahsante mama, barabara kabisa. Kapiga kigelegele. Likaja neno bibi, kasoma didi. Barabara, mama! Mpaka tunamaliza alikuwa amepata yote.

Sabra alikuwa jikoni anasikia. Kauliza kwani nafundisha nini. Nimemwambia asiingilie taaluma za watu.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa imepatikana! Kama mkwe hakosolewi, atakosolewa mwingine mbele yake. Nimeingiza mwanafunzi mpya: Yona wa Amani, kule milimani, mkulima wa iliki. Yona hayupo duniani. Sauti ni yangu, nimeziba mdomo kwa kanga ya Sabra. Mama nimemweleza kwamba Yona ana kitochi tu, simu isiyo na video, kitabu nimempelekea kwa basi, kwa hiyo yeye mama atamsikia sauti tu kwa spika.

Mama akikosea, Yona naye anakosea palepale, mimi namkaripia Yona. Leo nimemkaripia mara kumi na nne. Hiyo ni ba, Yona! Ba, bwana we! Jasho limenitoka, na kanga imempigisha Yona chafya. Kuwa watu wawili ni kazi.

Mama kaniambia kwa upole nisimfokee mtoto wa watu.

Jumanne, 12 Agosti

Kimefika kifurushi kwa basi la Pangani. Pweza mkavu, wa Yona! Mama kasema watu wa mlimani hawapati kitoweo cha maana, ndiyo maana vichwa vizito. Tumempika kwa nazi. Mtamu huyo! Sabra kauliza Yona ni nani. Nimesema mfadhili.

Tena mama kanitumia sauti kumi na moja nimpelekee Yona. Anamwambia taratibu mwanangu, ba tumbo lake liko mbele, da tumbo lake liko nyuma. Sawasawa kabisa! Mama anaijua ba! Nikajipa mkono wa hongera mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Msaliti yumo ndani ya nyumba! Sabra kamwingiza mama kwenye kundi la Jenifa tangu wiki jana. Mama aliomba mwenyewe, eti anatafuta namna ya kumsaidia Yona kabla sijampa presha. Anaangalia kila video mara tano na anajaza daftari.

Haya. Nikaamua kulivuruga kundi la Jenifa kutoka ndani. Baada ya swala nikajiunga kwa laini yangu ya pili, jina Yona. Lengo: kuuliza maswali ya kijinga mpaka achoke. Sijamaliza hata kusalimia, mama kanitambua. Jina kalisoma mwenyewe! Kauliza simu kubwa nimepata lini. Nikaandika nimeuza iliki.

Jenifa kajibu maswali yangu yote. Hata lile la kwa nini herufi a haina mkia mrefu. Hakuchoka. Nikakaa mpaka mwisho. Kanipa nyota mbili kwa bidii, wengine wote moja moja. Nimemwonyesha Sabra. Kauliza Yona ni nani tena.

Jumapili, 24 Agosti

Leo leo! Tumesikiliza kwa simu, mimi na Sabra, hakuna aliyegusa chai. Mama kasimama. Kurasa mbili. Kaanza vizuri, kafika katikati, kakwama. Sabra kaning'ang'ania mkono. Mimi nikaikamata kanga, tayari Yona akosee kwa niaba yake. Ghafla mama huyoo, kapita! Kasoma mpaka ile sehemu ya waliochelewa kikao, ambayo katibu anayeondoka, Bi Asmahani, siku zote huiruka kwa kuwa jina lake ni la kwanza. Ukumbi ukaangua kicheko, Bi Asmahani naye kacheka.

Kachaguliwa! Vigelegele mpaka spika ikakwaruza. Sabra kalia. Mimi nimelia kumshinda.

Kisha shukrani. Kamshukuru Mungu, Mwalimu Jenifa, na Yona. Mimi kanitaja mwisho, kwa kumvumilia Yona. Kabla ya alasiri wanachama arobaini walishajiunga. Kwa Jenifa.

Jumatatu, 25 Agosti

Ujumbe wa kwanza ambao mama kauandika kwa kidole chake! Naunakili: "Mselem mwanangu. Yona ni wewe. Nilijua siku ileile ya kwanza, Yona alipopiga chafya akasema alhamdulillahi. Nikanyamaza, mkwe hafedheheshwi. Siku nyingine nikikosea niambie nimekosea, mimi ni mama yako."

Nimeusoma mara sita. Nimejifuta machozi kwa kanga. Mama wa watu, kanistahi karibu wiki tatu! Nimekaa, nimejitafakari kwa dhati, na kosa langu nimeliona waziwazi: Yona alipaswa kuwa Mwislamu.

Shangazi yake Sabra naye anataka kujifunza kuandika. Naye mkwe vilevile. Kesho ataanza pamoja na mwanafunzi wangu mpya, Mudathir wa Moa. Huyo apige chafya anavyotaka.