Kaliba Moja Juu

Jumatatu, 6 Oktoba

Polisi wamekataa. Wamekataa! Afisa wa leseni za bunduki, Bi Tulloch, kanipigia simu mwenyewe, sauti tamu kama ya muuza bima. Eti bunduki yangu ya kaliba 270 inamtosha kulungu yeyote wa Scotland, na 300 Magnam, ile kubwa zaidi niliyoomba, haitolewi kwa sababu tu mtu ameitamani. Nilete sababu ya msingi. Nikauliza mbona jirani yangu Murdo Bain anayo. Akasema ya Bwana Bain ni ya Bwana Bain.

Jioni huyo Murdo akapita, akashusha kioo cha gari. Vipi mzee, bado unawinda kwa manati? Nikacheka sana. Kisha nikaingia ndani nikapiga teke ndoo ya makaa. Mke wangu Ishbel ameniokotesha kipande kimoja kimoja.

Jumatano, 8 Oktoba

Sababu nimeipata! Ina pembe za matawi kumi na sita.

Juu ya bonde, penye uzio wa mpaka. Mwezi huu madume ya kulungu hunguruma mchana kutwa wakigombea majike. Huyu alisimama kimya, na bonde zima likanyamaza naye. Nikalenga bega la kushoto. Nikafyatua. Nikasikia risasi ikiingia kwenye nyama, mlio naujua mimi. Hakuanguka. Hata hakushtuka! Akanigeukia, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akaenda zake.

Nikafika pale aliposimama. Hakuna damu. Hakuna unyoya. Hakuna alama ya kwato, na tope la pale humeza buti. Halafu nikaelewa bahati niliyopata: dume asiyeangushwa na 270! Nimeshuka mlima nikipiga mluzi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bega la kushoto halinyanyuki. Ni teke la bunduki, basi. Ishbel anasema bunduki mimi huipachika bega la kulia. Nikamwambia maumivu husafiri. Alikuwa ananikanda mafuta, ghafla akaacha. Eti pana kishimo pale, ngozi haijachanika, ila baridi yake inamuuma vidole. Ametoka kwenda kunawa na hakurudi kunikanda.

Kwa daktari siendi ng'o. Daktari akiandika neno lolote la ajabu kwenye faili langu, polisi wanaarifiwa, na bunduki zinabebwa zote. Ndiyo maana hata Bi Tulloch siwezi kumwambia nimempiga dume asiyetoa damu. Atasema ama nimekosa shabaha ama nimekosa akili. Nahitaji shahidi. Mtu mwenye jina safi polisi.

Ee Mungu. Ni Murdo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mpango ulikuwa safi. Mimi napiga kwanza, Murdo anashuhudia 270 ikishindwa. Kisha yeye anamwangusha kwa Magnam yake na kichwa anatundika ukutani kwake. Kichwa chake, sababu yangu. Akakubali haraka, mlafi yule. Akaja na biskuti.

Hatukuhitaji kupanda. Dume alikuwa nyuma ya zizi letu la kondoo, Ishbel anamwona kutoka dirisha la jikoni. Kondoo wote walikuwa wamempa mgongo. Hakuna aliyelia.

Nikapiga ubavu. Risasi ikaingia, Murdo kaiona. Dume kasimama vilevile. Mimi kikohozi kikanishika, mbavu zikanibana, kumbe ile hewa ya asubuhi. Murdo akafyatua ya kwake, ikampata mguu wa nyuma wa kushoto. Wakati huohuo nikateleza. Tope!

Murdo hakumtazama dume hata kidogo. Alinitazama mimi. "Ranald! Nimempiga yule, umeanguka wewe!"

Nikamwambia ni sadfa. "Sadfa ya nini, bwana wee? Ulikuwa umesimama kwenye jiwe!" Akaniinua, akanibeba begani hadi jikoni. Biskuti ameziacha.

Lakini nimeona kwa macho yangu: dume aliondoka akichechemea. Magnam inafanya kazi!

Jumanne, 14 Oktoba

Usaliti. Murdo ameendesha gari hadi mjini kuwaomba polisi wasinipe ile bunduki. Wivu mtupu! Na aliyeketi kando yake ni Ishbel, mke wangu wa ndoa. Wamemweleza Bi Tulloch yote: bega, mbavu, mguu. Ishbel amerudi macho mekundu. Anasema kila nikimpiga yule, najipiga mwenyewe, na kwamba anaogopa kuwa mjane. Nimemwambia apike chai.

Dume yuko bustanini tangu asubuhi, katikati ya kabichi. Hazili. Anaupumzisha mguu wa kushoto. Nilipotoka na mkongojo wangu, naye akapiga hatua, akachechemea. Nikakohoa, naye akakohoa.

Ananiiga, mshenzi!

Ijumaa, 17 Oktoba

Bi Tulloch kapiga simu. Nimekubaliwa!

Alisema watu wawili walikuja kumsihi akatae, na aliwasikiliza mpaka mwisho. Mengi waliyosema hayana mahali katika uamuzi wa leseni. Ila wote wawili wameapa kwamba mnyama huyo alipigwa kwa 270 na hakuanguka, na mmoja ni mwindaji wa miaka mingi. Mnyama aliyejeruhiwa haachwi ateseke. Hiyo ni sababu ya msingi. Kwa hiyo walionipatia Magnam ni Murdo na Ishbel! Nimecheka mpaka nikakosa pumzi.

Bi Tulloch akaniuliza kama mimi ni mzima, maana nahema. Nikasema ni furaha. Akauliza tena, sauti imebadilika, kama kuna mtu mwingine anahema kwenye simu. Nikamwambia huyo ni jirani tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeichukua dukani asubuhi. Nzito, nyeusi, nzuri!

Murdo ameziba geti langu kwa gari lake na amekaa ndani yake akilia, mtu mzima yule. Kana kwamba nahitaji geti. Dume yuko mbele ya mlango. Amegeuka ubavu mzima, kichwa kainamisha, anasubiri. Anaonekana amechoka. Ningekuwa na muda ningemwonea huruma.

Nimekaa nikatafakari, na kosa langu nimeliona. Bega, ubavu, mguu: nilikuwa nalenga ovyo. Ndiyo maana mambo yamechukua wiki mbili na mwili wangu umeharibika kwa baridi ya huko nje. Mtu hulenga moyo, mara moja, kazi ikaisha.

Ishbel amesimama mlangoni, mikono ameitanua, hataki kusogea. Nimemwambia asiwe mtoto, ni dakika moja tu. Nitamalizia kuandika nikirudi.