Namba Moja Ndani ya Stoo

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya likizo. Ghala la vigae limebaki bila karani wake, Mungu alihurumie. Mimi nina vita nyingine. Vita ya stoo.

Stoo ni yangu. Hatua tatu kwa mbili na nusu, dirisha moja, meza moja, kompyuta moja kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, na utulivu. Mke wangu anaitaka. Ni fundi cherehani; cherehani yake iko sebuleni, vitambaa vimelala juu ya makochi, na jana nilikalia pini. Sikulia. Sikumwambia mtu. Lakini nilikalia.

Asubuhi aliniuliza, kwa ule upole wake wa hatari, kazi ninayofanya stoo ni ipi hasa. Nikajibu: mitambo. Akauliza mitambo gani. Hapo ndipo mdomo uliponiponza.

Nikasema ninajenga mtandao wa nyumbani. Picha za harusi ya mama yake, zile mia mbili na kumi na mbili nilizozipitisha kwenye skana moja moja baada ya albamu kuingia maji, zimo kwenye kompyuta ya stoo. Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sabini na atakula nasi. Nikaapa kwamba nitazifungua sebuleni, kwenye runinga kubwa, kwa kutumia laptopu ya mke wangu iliyounganishwa nayo, bila mtu kubeba chochote kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Zitakuja zenyewe!

Kaka yake alikuwepo, bahati mbaya. Shemeji huyu anafanya kazi kwenye duka la kudurufu na huvaa flashi shingoni mchana kutwa. Mimi humwita Bwana Flashi, moyoni. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema flashi yake ingemaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Nikamwambia flashi ni za watu wasio na mtandao.

Mke wangu akachomoa karatasi. Tumeandikiana: nikizifungua picha mimi mwenyewe, kwa mtandao, mbele ya mama, stoo ni yangu milele. Nikishindwa, cherehani inahamia. Tumesaini sote wawili. Karatasi iko kwenye mlango wa friji.

Nitashinda mchana kweupe. Kompyuta mbili, zote Linux, zote nimezifunga kwa mikono hii. Zitakosaje kuonana, nyumba moja?

Jumanne, 5 Agosti

Hazionani.

Tangu saa mbili asubuhi laptopu ya sebuleni inashikilia kwamba kompyuta ya stoo haipo duniani. Nimebadilisha waya. Nimehamisha ruta kutoka kwenye rafu hadi juu ya kabati. Nimeibembeleza. Nimeitukana. Nimeiomba radhi. Wapi!

Saa tano nilikuwa chini ya meza nikifuata waya wakati mke wangu akimpima mteja kiuno. Mteja, mama mwenye adabu zake, akanisalimia. Nikaitikia nikiwa kulekule chini, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Akamuuliza mke wangu kama ni mimi ninayetega panya. Mke wangu akasema ndiyo, ni rahisi kueleza hivyo.

Saa kumi nikampata mchawi. Ni mimi. Mwezi wa kwanza Bwana Flashi alilala hapa siku mbili, nikaogopa atanichungulia, nikaiwekea kompyuta ya stoo programu ya kinga inayokataa kila anayebisha hodi kutoka kwenye mtandao. Niliikaza barabara. Kisha nikaisahau kabisa. Siku nzima nimekuwa nikifukuzwa na mlinzi niliyemwajiri mwenyewe!

Nimeilegeza. Mke wangu ameuliza kilikuwa nini. Nimemwambia hitilafu ya kitaalamu.

Jumatano, 6 Agosti

Zinaonana! Saa tatu na robo! Nimeruka, nikagonga kichwa kwenye rafu, nikaruka tena!

Nimeshea folda yangu nzima ionekane kwenye laptopu ya sebuleni: picha, barua, malalamiko yangu kwa meneja wa ghala, hata shajara hii. Kwa nini nichague kimoja kimoja kama anayechambua mchele? Mtu wa mipango mikubwa hufanya mambo kwa jumla.

Nikaenda sebuleni. Nikasogeza vitambaa, nikakagua kochi kwanza, nikakaa. Nikaingia kwa jina langu na neno langu la siri. Folda hiyo pale, naiona! Nikabofya.

Huna ruhusa.

Nani, mimi? Folda yangu, stoo yangu, kompyuta yangu! Nikabofya tena. Huna ruhusa. Nimezima, nimewasha, nimenawa mikono, nimebofya mara kumi na moja kwa jumla. Majibu ni yaleyale, bila hata samahani.

Mke wangu amepita na kipande cha kitambaa begani akasema Jumamosi si mbali. Kama vile sina kalenda.

Alhamisi, 7 Agosti

Jambo la ajabu limetokea na sitaki kuliandika, lakini naliandika.

Mke wangu alikuja kwenye laptopu yake kutafuta vipimo vya mteja. Akaingia kwa jina lake. Akaiona folda yangu, akabofya. Ikafunguka. Hivi hivi! Mama mkwe akatokea kwenye runinga, ana miaka ishirini na miwili, ameshika maua.

Nikamwomba anipishe. Nikaingia kwa jina langu: huna ruhusa. Akaingia yeye: tafadhali karibu. Mimi: huna ruhusa. Yeye, kwa kidole kimoja, sindano mdomoni: karibu, karibu. Mashine niliyoilea mwenyewe inamtii yeye!

Nikamuuliza amefanya nini. Akasema amebofya.

Halafu mchana, tukiwa mezani, akasema bila kuulizwa kwamba mtu akikalia pini siku ya Jumapili asiilaumu pini, kwa sababu pini haina macho. Nikapaliwa na maji. Sikumwambia mtu habari ya pini ile! Huyu mwanamke ana kipaji. Angezaliwa mahali pengine angekuwa mpelelezi.

Ijumaa, 8 Agosti, saa nne asubuhi

Nimekwenda kwenye duka la kudurufu. Si kuomba msaada. Thubutu! Nilikwenda kudurufu kitambulisho changu. Basi nikiwa pale nikamgusia Bwana Flashi kwamba kuna rafiki yangu mmoja ana shida.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye mashine yake. Akasema kompyuta hizi, zikishiriki mafaili kwa njia aliyotumia rafiki yangu, hazisomi majina ya watu, zinasoma namba. Wa kwanza kuandikishwa kwenye kompyuta anapewa elfu moja, wa pili elfu moja na moja. Kama rafiki yangu ni wa kwanza kwenye kompyuta yake, na mke wake ni wa kwanza kwenye laptopu yake, basi rafiki akikaa kwenye laptopu anaonekana kuwa mke, na mke anaonekana kuwa rafiki. Dawa ni mmoja kukubali kuwa wa pili, ili namba zilingane kote. Dakika tano tu. Akaniambia nimsalimie rafiki yangu na cherehani yake.

Nimekumbuka kila kitu. Siku nilipoiwekea Linux laptopu ile nilitoka mara moja kufunga geti. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshajiandika wa kwanza. Nilicheka siku ile. Nilidhani ni utundu.

Sasa ninaambiwa nijishushe niwe namba mbili ndani ya stoo yangu. Mimi! Ng'o!

Mpango, nauandika hapa nisisahau hatua: saa nane mke wangu anakwenda kununua zipu. Akitoka tu, ninaichukua laptopu yake, ninamfanya yeye namba mbili, mimi namba moja kote. Akirudi hata hatajua. Safi sana.

Saa tisa mchana

Amekwenda na laptopu kununua zipu.

Ameichomoa kwenye runinga, ameitia kwenye mkoba, ameondoka nayo! Nani duniani hubeba kompyuta kwenda kununua zipu? Nikamkimbilia getini kuuliza. Akasema anataka kulinganisha rangi. Uso mkavu kabisa.

Saa kumi na moja jioni

Amerudi na ameikalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimevaa suti. Nilijiambia pengine kompyuta ikiniona nimependeza itabadilisha msimamo. Mtu akifika mwisho wa akili huamini lolote.

Mama mkwe alifika saa sita, mwanawe nyuma yake na keki, flashi shingoni. Tukala, tukacheka. Kisha mama akajipanga kochini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema haya mkwe wangu, nionyeshe watu wangu.

Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Nikaingia kwa jina langu. Nikabofya.

HUNA RUHUSA. Kwenye runinga ile maandishi yalikuwa makubwa kama kibao cha duka. Mama mkwe aliyasoma kwa sauti, pole pole, akauliza ni nani huyo aliyeninyima. Bwana Flashi aliangalia dari. Nikabofya tena, jasho linatiririka ndani ya suti. Nikasema dakika moja tu, mama. Nikasema tena dakika moja.

Mama akasema nisijali, mwanangu. Akasema ni vile tu tangu albamu ilowe hajauona uso wa mzee, mumewe, wa siku ile ya harusi, na safari hii alikuwa amejiandaa kumwona. Akaanza kuvua miwani.

Basi nikaishiwa. Ujanja wote ulinitoka. Nilitazama ile miwani ikirudi kwenye kifuko chake, na stoo ikawa si kitu. Nikanyanyuka kwenye kiti. Nikamwambia mke wangu, mbele ya wote, mbele ya Bwana Flashi, nakuomba, fungua wewe.

Alifungua. Na mzee akatokea! Kijana, mwembamba, kifua mbele, mashavu yamejaa pumzi. Mama mkwe alipiga ukelele wa furaha. Akasema suti ile ilikuwa ya kuazima, inambana, na alikatazwa kupumua mpaka picha ipigwe. Akacheka mpaka machozi, akalia kidogo, akacheka tena. Tulitazama zote mia mbili na kumi na mbili, nyingine mara tatu. Kila picha ilikuwa na habari yake. Nilimshika mke wangu mkono, na nilifurahi kweli kweli.

Picha zilipoisha mama akaona folda iliyoandikwa Shajara, akauliza ni nini. Mke wangu akasema humo ndimo mume wake anamoweka siri. Akasema anaisoma tangu Alhamisi, kwa kuwa kompyuta inadhani yeye ndiye mimi, na kwamba sehemu anayoipenda ni ile ya chini ya meza. Bwana Flashi akauliza kama yeye yumo. Akaambiwa yumo, na jina analo. Alipotajiwa hilo jina alianguka kochini kwa kicheko. Nilitamani sakafu inimeze, lakini mama alinipigia makofi, akasema mkwe wake ni mwandishi, na baada ya hapo nikaanza kucheka mwenyewe.

Kisha karatasi ikaletwa kutoka kwenye friji. Mama akaisoma mara mbili, kama hakimu. Akatoa hukumu: mashine ya stoo imeulizwa mwenyewe ni nani, imemfungulia binti yake, basi shauri limekwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Cherehani imeingia stoo saa tatu asubuhi. Bwana Flashi alibeba upande mmoja, mimi mwingine. Mke wangu alibeba laptopu yake na kuimba njia nzima. Lazima nikiri kwamba inapendeza pale dirishani, na leo nimekaa kochini bila kukagua.

Kompyuta yangu sasa iko kwenye korido, kati ya mlango wa bafu na meza ya kupigia pasi. Kila apitaye ananiomba samahani. Bwana Flashi ameniambia atanilinganishia zile namba bure, dakika tano, hapo hapo. Nimekataa. Siwi namba mbili hata kwenye korido.

Shajara nimeilinda, safari hii kitaalamu. Folda nimeipa jina jipya: Risiti za Vigae. Iko pale pale ilipokuwa, lakini nani atafungua risiti za vigae?

Na sasa habari njema! Mama mkwe amefurahi mno, ananunua kompyuta. Ameniomba mimi, si mwingine, niiunganishe na zetu. Amesema aandikwe yeye wa kwanza. Nimesema bila shaka, mama. Lakini boksi nitalifungua mimi, na kabla hajamaliza kutafuta miwani nitakuwa nimeshajiandika. Halafu kuna kile chumba chake cha nyuma. Kipo kitupu! Dirisha kubwa, kimya, meza tayari ipo. Nitamweleza kwamba kompyuta mpya huhitaji chumba chake peke yake, na fundi wa kukaa nayo kila mwisho wa juma. Hakuna karatasi, hakuna friji, hakuna mashahidi. Ndani ya mwezi chumba ni changu.

Mke wangu ameniita sasa hivi kutoka stoo, bila kusimamisha cherehani. Amesema chumba cha nyuma cha mama kina kufuli, na ufunguo anao yeye.

Amejuaje? Sentensi yenyewe nimeihifadhi dakika hii! Itabidi nibadilishe tena jina la folda.